Lazaro Mnadani

Neno mnada huku kwetu halihitaji kufafanuliwa. Mtoto wa Kishapu anaujua mnada wa ng'ombe kabla hajajua kusoma: vumbi, fimbo, dalali, na mzee aliyesimama pembeni amefunga mdomo, kwa sababu akionyesha tu kwamba amempenda dume fulani, bei itapanda. Watu wa Katoro wanaujua mnada wa nguo na vyombo. Na kila Mlutheri anaujua mnada wa tatu, ule wa nje ya kanisa baada ya ibada, ambapo kuku aliyeletwa kama sadaka huinuliwa juu akipiga kelele, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko wote huanza kumtafuta mtu wa kutaja bei ya kwanza.

Upo na wa nne, ambao wengi wetu hatujauona kwa macho ingawa udongo wetu ulifika huko. Oktoba 2022, mjini Hong Kong, nyumba ya mnada iitwayo Sotheby's iliuza almasi ya rangi ya waridi yenye karati 11.15 kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 57. Jiwe hilo lilitoka Mwadui. Lilipokuwa ghafi, likiwa na karati 32, mgodi uliliuza mwaka uliotangulia kwa dola milioni 13.8. Kati ya bei hizo mbili alipita fundi wa kukata na kung'arisha, kisha likapita tangazo, kisha wakapatikana watu waliolitaka jiwe moja kwa wakati mmoja.

Nyumba hiyo ya mnada si ya jana. Ilianzia London mwaka 1744, ikiuza vitabu. Desemba 1766, katika mji huo huo, James Christie, aliyewahi kuwa baharia wa jeshi, alianza minada yake, na jina lake likakua kwa kuuza picha za wachoraji wakuu wa kale: Waitaliano, Waholanzi, Wafaransa, wengi wao wakiwa wamelala kaburini miaka mia moja au mia mbili. Paris na Amsterdam nako biashara hiyo ilikuwa imeshamiri. Na picha nyingi katika hizo zilikuwa za Yesu, za Mariamu, za mitume, za mashahidi. Hazikuchorwa kwa ajili ya sebule. Zilichorwa zitundikwe juu ya altare. Ndiyo maana naandika habari zake katika kitabu cha imani, na wala si kwa sababu nina fedha za kununua hata fremu yake.

Dhahabu haihitaji mnada. Mchimbaji wa Nyarugusu akifika kwenye soko la madini Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, mzigo wake huwekwa kwenye mizani, usafi wake hupimwa, na mnunuzi hutazama bei ya dunia ya siku ile. Gramu yake ni sawa na gramu ya jirani yake. Mnada ni wa vitu visivyo na pacha. Ng'ombe yuko katikati, maana ng'ombe hufanana lakini mwenye jicho hujua tofauti. Picha iko mwisho kabisa. Hakuna kilo ya picha. Thamani yake mnadani ni ile tu ambayo mtu wa pili aliikataa na wa kwanza akaikubali. Kwa hiyo dalali wa karne ya 18 alikuwa na kazi moja kubwa: kuhakikisha kwamba mtu wa pili yupo chumbani.

Nachukua picha moja tu, kwa sababu safari yake inajulikana na kwa sababu inastahili kutazamwa. Ni picha ya kufufuliwa kwa Lazaro, iliyochorwa na Sebastiano del Piombo na kukamilika mwaka 1519. Urefu wake ni karibu mita 3.8, haingepita wima katika mlango wa kanisa letu lolote la mtaa. Yesu amesimama, mkono mmoja ameuinua, mwingine ameunyoosha kumwelekea Lazaro. Mariamu amepiga magoti miguuni pake. Martha amesimama, amejitenga nyuma kidogo kwa mshtuko. Kushoto na kulia ni umati, na nyuma yao mto, daraja na mji. Upande wa kulia, chini, ameketi Lazaro kwenye jiwe la kaburi lake akiwa bado na sanda.

Lazaro huyo ndiye aliyenishinda kumsahau. Hajafurahi. Hajapiga goti. Anapambana na kitambaa. Mguu mmoja unakisukuma kitambaa kilichoufunga mwingine, kama afanyavyo mtu aliyelala amevaa viatu akatafuta kuvivua bila kuinama. Macho yamemkazia Yesu, lakini mwili bado una kazi ya kaburini. Na nyuma, wanawake wameziba pua kwa nguo zao. Mchoraji aliisoma vizuri sura ya 11 ya Yohana. Wahubiri wengi huruka mstari wa harufu ili wafike haraka penye shangwe, lakini yeye aliuweka mbele ya altare, padre akiadhimisha, watu waone kwamba muujiza ulinuka kabla haujaimbwa.

Watu wa Kahama hawahitaji kufundishwa jambo hili. Novemba 2015, kule Nyangarata, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kwa watu wa nje ilikuwa habari ya siku moja. Kwa mtu anayeishi karibu na maduara, aliyekwisha kukaa matanga ya mwili usiopatikana, kutoka hai ni jambo lenye udongo, njaa na harufu, na mtu huyo aliyetoka hawezi siku ile ile kusimama kushuhudia kwa kipaza sauti. Kwanza anavuliwa nguo. Kwanza anapewa uji. Sebastiano angeelewa.

Lakini picha ina kasoro, nami sioni sababu ya kuificha kwa kuwa tu ni ya mtu maarufu. Umati ni mkubwa mno na kila mtu ndani yake anajionyesha. Huyu amefungua viganja, yule amegeuza shingo, wa tatu anabishana, wote kwa ustadi, na jicho linachoka. Hata mkono wa Yesu ulioinuliwa una kitu cha jukwaani. Sababu inajulikana. Mwenye kuagiza kazi, Kardinali Giulio de' Medici, aliagiza picha mbili kwa wakati mmoja: hii kwa Sebastiano, na ya Kugeuka Sura kwa Bwana kwa Rafaeli. Wachoraji wakajua wanapimwa. Michelangelo, ambaye hakumpenda Rafaeli, akamsaidia Sebastiano kwa michoro, hasa ya mwili wa Lazaro. Kwa maneno mengine picha hii ilikuwa mnadani kabla haijakauka rangi, washindani wawili wakipandishiana mbele ya tajiri mmoja. Mahali ambapo Sebastiano alimsahau Rafaeli, yaani kwenye ule mguu na zile pua, picha inahubiri. Mahali alipomkumbuka, inaimba kwaya ya mashindano, nasi tunazijua kwaya za mashindano.

Mlutheri atakuwa ameshaona mwaka. Kazi hii iliagizwa na kuchorwa wakati ule ule Luther alipopinga biashara ya vyeti vya msamaha, Oktoba 1517. Giulio alikuwa binamu wa Papa Leo wa Kumi, ambaye vyeti hivyo viliuzwa kwa idhini yake, na baadaye yeye mwenyewe alikuwa Papa. Sisemi picha imechafuka kwa hilo. Luther mwenyewe alikataa hesabu ya namna hiyo. Machi 1522 alitoka mafichoni Wartburg akarudi Wittenberg kuhubiri, pamoja na mambo mengine, dhidi ya wale waliokuwa wakiondoa picha makanisani kwa nguvu. Kwake picha haikuwa wokovu wala haikuwa shetani. Hatari ilikuwa moyoni mwa mtu anayedhani amemfanyia Mungu hisani kwa kuitundika. Ndiyo maana hadi leo katika kanisa la Mtakatifu Mariamu, Wittenberg, picha ya altare ya nyumba ya Cranach ya mwaka 1547 ipo pale pale, na washarika hupokea Meza ya Bwana mbele yake. Haijawahi kuwa na namba ya mnada.

Ya Lazaro ilipelekwa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, ambako Giulio alikuwa Askofu Mkuu. Ilikaa juu ya altare ya kanisa kuu kwa miaka kama 200. Hesabu vizazi: watoto waliobatizwa chini yake wakazikwa, na wajukuu wa wajukuu wao pia. Kisha, karibu na mwaka 1722, ikachukuliwa na Philippe, mwanamfalme wa Orléans, aliyekuwa akitawala Ufaransa kwa niaba ya mfalme mtoto.

Hapa naomba msomaji atulie. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa bado miaka 67. Hakuna jeshi lililovunja mlango wa kanisa. Hakuna mwizi aliyepanda ukutani usiku. Picha iliondoka mikononi mwa kanisa lenyewe, kwenda kwa mtu ambaye ni vigumu kumnyima. Wanaopenda kulaumu masoko na matajiri, nami ni mmoja wao, tunapaswa kuanza na kikao hicho cha wenye kanisa, ambamo Lazaro wa altare aligeuka kuwa mali inayoweza kuhamishwa. Dalali hawezi kuuza kilichokataa kushuka ukutani.

Yaliyofuata ni ya haraka. Jumba la Orléans lilikuwa na mamia ya picha, na wageni walikwenda kuzitazama kama maajabu. Mwaka 1771 mafundi waliibandua rangi ya Lazaro kutoka kwenye mbao na kuihamishia kwenye turubai, kazi ya hatari ambayo ilifanikiwa kwa kiasi na kuharibu kwa kiasi. Miaka 20 baadaye kitukuu wa yule Philippe, aliyezama kwenye madeni na siasa, akauza zote. Mwaka 1793 akakatwa kichwa. Picha za Italia na Ufaransa zilishapita kwa mabenki wawili na kufika London, na mwaka 1798 matajiri watatu wa Uingereza wakazinunua kwa pamoja, 305 kwa jumla, kwa paundi kama 43,000. Wakajiwekea 94 walizozipenda, wakafungua maonyesho ya kuuza nyingine, na watu wakalipa kiingilio. Zilizobaki zikapigwa mnada mwaka 1800. Hesabu yao ilikuwa nzuri kama ya mfanyabiashara wa mpunga anayenunua shamba zima likiwa bado kijani.

Lazaro alinunuliwa katika maonyesho yale kwa gini 3,500, yaani paundi 3,675. Mnunuzi alikuwa John Julius Angerstein, tajiri wa bima za meli. Aliwahi pia kuwa mdhamini wa mashamba yenye watumwa katika visiwa vya Karibiani. Mtu aliyekuwa na mkono katika mali ya watu waliofungwa alitundika nyumbani kwake picha ya mtu anayefunguliwa. Sijui kama aliwahi kuuona ule mguu.

Mwaka ule ule wa 1771, wakati Paris wanambandua Lazaro, Amsterdam kulikuwa na mnada mkubwa wa picha za mfanyabiashara Gerrit Braamcamp. Watu wa Malkia Katarina wa Urusi walinunua baadhi, zikapakiwa kwenye meli iitwayo Vrouw Maria pamoja na sukari na kahawa. Oktoba ikagonga mwamba katika visiwa vya Finland na kuzama. Mabaki ya meli yalipatikana mwaka 1999, picha hazijaonekana. Najua ni mahubiri gani kila mwinjilisti atayatoa hapo kutoka Mathayo sura ya 6, kwa hiyo namwachia.

Mimi nina shida zaidi na karatasi kuliko na bahari. Minada ya karne ya 18 ilizaa kitu kipya: orodha iliyochapwa, ambayo wafanyabiashara kama Edme-François Gersaint wa Paris waliifanya iwe kazi ya kisomi. Namba, jina la mchoraji, kinachoonekana, vipimo, hali ya rangi, na majina ya wakubwa waliowahi kuimiliki. Ni maandishi ya uangalifu, na elimu yote ya sanaa imejengwa juu yake. Lakini isome kama mchungaji. Ukuta wa Narbonne unatajwa ili kuthibitisha kwamba picha si bandia. Miaka 200 ya watu waliopiga magoti inaingia kwenye orodha kama cheti cha uhalali wa bidhaa. Na jina linalobeba bei ni la mchoraji peke yake. Si Lazaro anayeuzwa, ni Sebastiano. Picha ile ile ikigundulika kesho kuwa ya mwanafunzi wake, Lazaro atakuwa amefufuka vile vile, lakini bei itakufa.

Jambo hilo tunalo hapa nchini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora kwa miaka kama minne tu Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao laini, akiuza kando ya barabara kwa shilingi chache. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu. Leo vipande vyake vya asili huuzwa minadani Ulaya na Nairobi kwa maelfu ya dola, na vya kughushi vimejaa. Tembo ni yule yule. Kilichopanda ni jina, na mwenye jina hakuonja.

Sasa upande wa pili, maana wapo, tena wana hoja. Serikali ya Uingereza ilinunua picha 38 za Angerstein mwaka 1824 kwa paundi 57,000, na kwa hizo ikaanzisha Jumba la Taifa la Picha. Lazaro ndiye namba 1 katika daftari lake. Yeyote huingia bure: mfagizi, mwanafunzi, Msukuma aliyekwenda London kusoma. Kama picha ingebaki Narbonne hadi mapinduzi, huenda ingechomwa. Makanisa mengi ya Ufaransa yaliporwa. Basi soko liliiokoa. Sikatai. Mungu ametumia mikono michafu kuliko hiyo, na mtu anayeweza kusimama mbele ya picha ile bila tiketi amepata zaidi ya walichopata watumishi wa jumba la Orléans. Ninachokataa ni kusema kwamba hakuna kilichopotea. Jumbani pale unaweza kusimama saa nzima. Ukipiga magoti mlinzi atadhani umeugua.

Na soko linalookoa ndilo hilo hilo linalonunua bila kuuliza. Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikapatikana katika jumba la makumbusho la watu binafsi Geneva, lililokuwa limekinunua Paris, na hakikurudi hadi mwaka 2010. Kwa miaka yote hiyo kilitunzwa vizuri sana.

Ipo kazi nyingine ninayoipenda kuliko ya Sebastiano, ingawa haifikii ustadi wake wa mkono. Elimo Njau, mtoto wa Marangu aliyesoma Makerere, alialikwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuchora kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Akachora picha tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, Yesu akiwa Mwafrika, katika vilima na migomba ambavyo mtu aliyeketi kwenye benchi angeviona akigeuza kichwa dirishani. Kwa macho ya orodha ya mnada utazikosoa kirahisi: miili mingine ni myepesi, rangi hazina kina cha Waitaliano. Lakini zina jambo ambalo Lazaro alilipoteza mwaka 1722. Hazibebeki. Nairobi kumekuwa na minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2013, na mtu anaweza kutamani kipande cha Njau hata usingizini. Ukuta wa Murang'a hauendi. Ili kuuona inabidi uingie kanisani, uketi na waliofiwa. Njau alichora kwa ajili ya watu ambao majirani zao walikuwa wameuana juzi, wengine wakiwa upande huu na wengine ule, na Yesu aliyemchora alikuwa wa wote wawili. Picha ya namna hiyo ikiondolewa ukutani inakuwa picha ya Mwafrika aliyeteswa, nzuri au si nzuri. Ikibaki, ni swali kwa walioketi.

Nirudi nje ya kanisa letu, kwa yule kuku. Mnada wa sadaka siupingi. Umejenga makanisa mengi ya kanda hii. Bati nyingi tunazoketi chini yake zilikuwa karanga, mbuzi na viazi. Mkulima asiye na fedha taslimu hutoa alichonacho, na mwenye fedha hukigeuza kuwa saruji. Una furaha yake pia, na kanisa lisilocheka Jumapili lina ugonjwa.

Lakini fedha za duara zimeubadilisha. Kijana aliyetoka kuuza mzigo husimama na kutaja laki mbili kwa kuku wa elfu 20. Mwingine, ambaye wiki iliyopita waligombana kwenye karasha, anataja laki tatu. Watu wanapiga vigelegele, kwaya inapokea, kuku anarudishwa na kupigwa mnada tena, na kila mtu anajua kwamba sasa hauzwi kuku. Zinauzwa nafasi mbili za kusimama mbele. Ni Sebastiano na Rafaeli. Kisha yanafuata mayai sita kwenye kitambaa, na kwa kuwa watu wamechoka yanakwenda kwa elfu tatu, haraka, ili tufunge. Mayai yale yana historia. Mama aliyeyaleta alikuwa ameahidi kumshukuru Mungu mtoto wake akitoka hospitali. Aliyatembeza kilomita saba. Kwenye daftari letu yameandikwa: mayai, idadi, bei, jina la mnunuzi.

Ni orodha ya Gersaint kabisa, isipokuwa yeye aliiandika vizuri zaidi.

Wapo wanaosema tutaje basi jina la mtoaji. Nami nilidhani hivyo mpaka nikakumbuka kwamba Bwana alionya kuhusu mkono wa kushoto kujua wa kulia ufanyacho, na kwamba kumtaja mama yule kwa sauti kutamwingiza naye mnadani. Wengine wanasema tufute mnada, kila mtu atoe kwa bahasha. Bahasha ni nzuri kwa mwenye mshahara. Mwenye mayai atafanya nini?

Katika usharika ninaouhudumia wazee wa kanisa wamekubali tujaribu jambo moja katika mavuno ya mwaka huu. Vitu vyote vitaletwa ndani kwanza, viwekwe mbele ya altare, na vibaki pale ibada nzima, maombi ya shukrani yakitajwa bila majina: kwa mtoto aliyepona, kwa mvua, kwa mume aliyetoka duarani salama. Mnada utafanyika baadaye, vitu vidogo vikitangulia watu wakiwa bado na nguvu. Na kitu kikishanunuliwa hakirudi kupigwa tena. Anayetaka kuongeza fedha ataongeza kwenye sanduku, kimya.

Mtunza hazina wetu, ambaye ni mtu mwaminifu na anayeipenda kazi ya Bwana, amepiga hesabu. Anasema tukiacha kurudisha vitu mnadani tutapoteza karibu nusu ya mapato ya siku ile, na paa la kanisa la mtaa limesimama kwenye kenchi tangu mwaka jana. Mvua za Novemba haziulizi nani alitoa kwa moyo gani. Kikao kijacho kitaanza na hoja yake.